Malaika za Miguuni

Bibi Esnath alianza kumshuku mwanawe siku alipoona nywele kwenye jivu.

Alikuwa nyuma ya jiko lao, huko Masoko, anachota majivu ya kumwagia kwenye mashina ya migomba, ndipo akaona kitu cheusi kimejikunja kama uzi uliofumuliwa. Manyoya ya mbuzi hayakuwa, maana mbuzi wao ni mweupe. Akainama, akakiokota, akanusa. Kilinuka sabuni.

Mwanawe Wilson ni fundi baiskeli mjini Tukuyu, mtu mzima wa miaka thelathini na nne, ambaye hajaoa. Kila jioni hupanda baiskeli yake ya mashindano, ile yenye matairi membamba kama mkanda, akapotelea barabarani saa nzima. Hilo mama yake alishalizoea. Ila jioni ile Wilson alirudi na kaptura, na miguu yake inang'aa kama mgomba uliovuliwa maganda.

"Hiyo miguu imepatwa na nini?" mama yake akauliza.

"Nimenyoa, mama. Sisi wa mashindano tunanyoa."

"Ili iweje?"

"Kwanza upepo. Halafu ukianguka..."

"Upepo ulikuja kukulalamikia?"

Wilson akacheka, akaenda kuoga. Esnath hakucheka. Alikuwa anaunganisha mambo.

Wiki mbili nyuma Wilson alimpeleka hospitali. Wakamtoa damu, wakamfunga ule mkanda unaobana mkono, kisha daktari akamwita Wilson pembeni. Yeye akaachwa kwenye benchi anatazama migongo yao. Wilson akarudi na vidonge, akasema, "Presha tu, mama." Presha tu, na maongezi marefu namna ile? Na kwao mtu hunyoa lini? Mumewe alipofariki, Wilson alinyolewa kichwa siku ya tatu baada ya maziko, hapohapo nyuma ya jiko, na nywele zikachomwa. Sasa nywele zimo tena kwenye jivu, na hakuna aliyekufa. Bado.

Akampelekea jambo hilo jirani yake Sekela, mwanamke ambaye siri humkaa mdomoni kama kiazi cha moto.

"Vijana wa siku hizi hawasubiri, mwenzangu," Sekela akasema. "Anaanzia chini ili msimshtukie. Leo miguu, kesho kifua. Akifika kichwani, ujue na wewe umeshafika."

"Gwe Sekela, acha utani."

"Sitanii. Mtu akishazinyoa malaika zake, anabaki na nani wa kumlinda?"

Esnath alijua hizo ni malaika za mwilini, vile vinyweleo, si wale wa mbinguni wanaotajwa kanisani. Lakini neno ni lilelile, na alirudi nalo nyumbani.

Tangu hapo Wilson akawa anachunguzwa kama mgeni asiye na barua. Akileta chai, mama anamtazama usoni kwanza, kikombe baadaye. Akiuliza, "Umemeza dawa?", mama anasikia, "Zimebaki siku ngapi?" Akinunua samaki, mama anajiuliza mbona anabembelezwa ghafla kama mtu wa kusafiri kesho. Mwisho akaacha kabisa kumeza vidonge. Ya nini kujitibu, kama watu wameshakubaliana huko pembeni? Akavificha kwenye kopo la mbegu za maharage.

Ijumaa moja, kesho yake kukiwa na mashindano, alimkuta Wilson kwenye kigoda nyuma ya jiko, beseni mbele yake. Mguu wa kulia ulikuwa tayari, wa kushoto bado. Mteja akamwita barabarani, gurudumu limepinda. Wilson alipotoka tu, Esnath akachukua wembe, akautumbukiza kwenye lile kopo.

"Mama, umeuona wembe wangu?" Wilson akauliza aliporudi.

"Mimi nina ndevu?"

Wilson akamtazama kidogo, akaiangalia saa, maduka yalishafungwa, akamwaga maji ya beseni.

Basi akaenda kushindana na mguu mmoja mweupe na mmoja wa sokwe. Wenzake walimcheka hadi kwenye mstari wa kuanzia. Na kwenye kona moja ya mteremko, palipokuwa na mchanga, akateleza akabingirika, akachunika miguu yote miwili. Wenzake wakambandika plasta, wakamrudisha kwa mama yake.

Kesho yake Esnath akachemsha maji, akatia chumvi. Plasta ya mguu wa kulia ilibanduka kama ganda la ndizi mbivu, changarawe zikatoka kwa kitambaa tu. Akahamia wa kushoto. Huko plasta ilikuwa imeshikana na nywele, nywele zimeshikana na kidonda, na mchanga umejificha humo ndani. Wilson aling'ata ukosi wa shati, machozi yakimtoka.

"Huku uliumia zaidi?"

"Sawasawa tu, mama. Huo ndio wenye nywele."

Mkono wa Esnath ukasimama. "Ndiyo hiyo 'ukianguka' uliyotaka kuniambia?"

"Ulinikatiza, ukanipeleka kwenye upepo."

Esnath akakamua kitambaa, akakamua tena hata maji yalipokwisha. "Na daktari? Alikwambia nini kule pembeni?"

Wilson akaona haya. "Alisema nikuchunge. Kwamba akina mama wa umri wako wana tabia ya kuficha vidonge."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, mama. Haki ya Mungu."

Alimkazia macho mwanawe, muda mrefu, jicho moja limefumbwa kidogo. Kisha akainuka, akaleta kopo la maharage, akapekua. Vikatoka vidonge, pakiti nzima. Ukatoka wembe. Wilson akavitazama vyote viwili, na kwa mara ya kwanza akawa yeye wa kushuku.

"Mama..."

"Nyamaza wewe." Akameza kidonge kimoja bila maji, akamwekea wembe kiganjani. "Ukipona, malizia huo mguu. Lakini kichwani usiguse."