Gauni la Kufumuliwa

Sipendi harufu ya sufu iliyolowa, na sitaipenda mpaka niingie kaburini. Wenzangu niliosoma nao darasa la kushona la misheni, wale waliobaki hai, wakikutana huzikumbuka siku zile kwa macho ya kulegea. Eti ulikuwa wakati mtamu: tulishona, tulifuma, tulipigwa picha, na kila Jumamosi tulitembezwa kwa mtumbwi. Mimi nikiwasikia nageuza uso. Nikiyakumbuka masika yale, kitu cha kwanza kunijia ni kichefuchefu.

Masika ya Tana yajulikana. Mto unafura, unapanda kingo, unaingia mashambani na wakati mwingine ndani ya nyumba. Maji yakirudi yanaacha tope jeusi, samaki waliooza, mavi ya viboko, na mbu ambao ukifungua kinywa kusema unawameza. Ni msimu wa kazi, kwa sababu mpunga hupandwa tope likiwa bado bichi. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kuuita msimu wa starehe. Aliyeuita hivyo alikuwa bibi wa misheni, mke wa mzungu aliyejenga nyumba ng'ambo ya mto, mkabala na kijiji chetu, upande wa kuteremkia Garsen.

Bibi yule alitoka nchi ya baridi. Alituambia kwamba kwao miti hukauka ikawa kama imekufa, halafu siku moja huchipua, maua yakatoka, na watu wakatoka nao kwenda kufurahi. Basi alipoiona mvua ya kwanza na majani mabichi aliamua kwamba na sisi tumefikiwa na neema hiyo. Alipiga makofi, akasema, "Sasa furaha! Sasa tutashona, tutafuma, tutatembea!" Sisi tulikuwa tumesimama kwenye maji mpaka vifundoni.

Tulifuma soksi. Sufu ilikuja kwa meli ndani ya gunia, na kwa unyevu wa masika ilinuka kama beberu aliyenyeshewa. Vidole vilitoka jasho, uzi ukanata, manyoya yakaingia puani. Soksi zilikuwa za watoto maskini wa huko kwao. Mfugaji mmoja wa Kiorma aliyeleta maziwa misheni alisimama mbele yetu akiegemea mkuki wake, akatazama kwa muda, kisha akauliza huyo kondoo alikufa kwa ugonjwa gani. Nilicheka peke yangu, nikaambiwa nina moyo mgumu.

Huenda ninao. Lakini sikwenda pale kwa mapenzi ya soksi. Nilitumwa na nyanya yangu.

Nyanya, mama wa mama yangu, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kijijini kwetu kuingia katika Uislamu. Alisilimishwa na mwalimu aliyekuja na wafanyabiashara kutoka Kipini. Kabla macho yake hayajaingia ukungu aliwahi kuteremka Kipini kuuza mchele, na huko alimwona mwanamke wa makamo yake akizikwa. Alivishwa sanda nyeupe ya bafta, safi, imekunjwa vizuri, manukato yakinukia mpaka barabarani. Kwetu wakati ule mtu alizikwa na mkeka aliokuwa akiulalia. Nyanya alirudi na neno moja tu kinywani: yeye hatazikwa na mkeka. Sasa alikuwa amezeeka, mafuriko yalikuwa yamechukua mpunga wetu, hatukuwa na cha kubadilishana na kitambaa, na kila asubuhi alipoamka aliupapasa ule mkeka chini yake kana kwamba unamsubiri.

Ndipo bibi wa misheni alipotangaza kwamba msichana atakayeshona gauni lake mwenyewe mpaka mwisho, akaja nalo Jumamosi ya picha, atalichukua liwe lake kabisa. Bafta nyeupe. Mama hakupenda, maana alinitaka shambani. Nyanya alisema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nenda ukainame."

Tatizo lilikuwa sindano. Mwalimu wa Kipini alikuwa amemfundisha nyanya kwamba sanda hukatwa, haishonwi. Mtu haendi kwa Mola wake na mshono. Bibi naye hatoi kitambaa kisichoshonwa. Nyanya alilala na jambo hili, akaamka nalo limekwisha kukatika. Akaniita, akanishika vidole.

"Mwambie wewe bado unakua, akukatie refu na pana. Halafu mjukuu wangu, ushone kama mtu asiyetaka. Mshono mrefu. Uzi usiukaze. Wala usipige fundo. Siku ukiniletea, nitauvuta uzi utoke mzima, na nguo ibaki kama haikuguswa."

Lazima niseme hapa, bila haya, kwamba katika darasa lile hakuna aliyenishinda kushona. Leso yangu ya kwanza ilikuwa na pindo ambalo bibi alilipeleka dirishani kuutafuta mshono asiuone. Sasa nikaambiwa nishone vibaya, na kushona vibaya kwa makusudi ni kazi ngumu kuliko kushona vizuri. Mkono unakataa. Kila nilipochoma sindano nilijisikia kama mtu anayetema mate kwenye chungu chake mwenyewe. Lakini nilishona, mishono mirefu, imelegea, kila mmoja ukiniudhi.

Bibi alipoona aliliinua gauni mbele ya darasa zima. "Tazameni! Hii ni nini? Hii ni meno ya mamba!" Wenzangu wakacheka mpaka sindano zikawaanguka. Wale ambao juzi walikuwa wakiniomba niwanyooshee pindo ndio waliocheka zaidi. Ningemwambia nini? Kwamba ninamshonea nyanya sanda kwa kitambaa chake cha furaha?

Alinisamehe, na huko kusamehe kwake ndiko kulikotumaliza. Siku moja kabla ya picha alilichukua gauni langu bila kuniuliza, akaliweka chini ya cherehani yake ya mkono, akapita kila mshono mara mbili. Shingoni akaongeza utepe wa urembo. Asubuhi alinikabidhi, mashavu mekundu kwa wema. "Nimekusaidia," alisema. Niliupapasa mshono ule, mdogo, mgumu, uzi wa juu umeuma uzi wa chini. Nikasema ahsante, kwa sababu kwetu aliyepewa husema ahsante.

Matembezi ya siku hiyo yalikuwa kwenye ziwa lililoachwa na mto, karibu na msitu wa Hewani. Mama zetu walikuwa wameinama kwenye tope wakipanda, nasi tunapita mtoni tumekaa wima ndani ya mtumbwi, tumevaa magauni meupe, tumepakata soksi. Nilimwona mama yangu. Alikuwa peke yake kwenye shamba letu, mtoto mgongoni. Aliinua kichwa, akatutazama, akainama tena.

Wenzangu walikuwa wamevaa nguo. Mimi nilikuwa nimevaa sanda, na nilijua. Sikutaka kuegemea, sikutaka kukaa, sikutaka kutoka jasho. Bibi akatandaza kitambaa kwenye nyasi zilizolowa akatuita kula. Kulikuwa na nyama ya kopo inayotetemeka, yenye ute, ambayo sikuigusa maana sikujua ni ya mnyama gani na aliyeichinja simjui. Kulikuwa na siagi iliyoyeyuka, nzi wakielea ndani yake. Kulikuwa na mikate migumu iliyopakwa jamu nyekundu. Msichana aliyekaa kando yangu alipigapiga mbu, mkate ukamponyoka, ukaniangukia mapajani, upande wa jamu chini.

Nilipiga ukelele uliowafanya tumbili waache mti. Bibi alicheka, akasema si kitu, jamu hutoka. Nilikimbilia ziwani kusugua na nikarudi na doa lililofifia na kupanuka. Nililia. Wakasema nina majivuno ya nguo.

Kisha picha. Mume wa bibi alikuwa na sanduku lake la miguu mitatu na nguo nyeusi ambayo aliingiza kichwa ndani yake kama mtu anayejifukiza. Sanduku lile na chupa zake vilinuka mayai viza. Bibi alitaka tushike maua, ionekane kwamba ni masika, basi akaagiza mayungiyungi yang'olewe ziwani. Yalikuja na mashina yao yanayoteleza, na kwenye shina langu kulikuwa na ruba, mnene, mweusi, anajikunjakunja kuelekea kidoleni. Nikataka kulitupa. "Usitikisike!" bwana akafoka chini ya nguo nyeusi. "Furaha! Uso wa furaha!" bibi akasema kando. Tulisimama hivyo, jua likitupiga, mbu wakitunywa, ruba akipanda, mpaka bwana alipotoa kichwa. Ruba alikuwa amekwisha kushiba.

Nilipofika nyumbani nyanya alikuwa amelala. Tangu juma lililotangulia alikuwa haketi tena. Nililivua gauni nikampa. Aliupapasa mshono wa ubavuni, akafuata mpaka kwapani, akarudi. Vidole vyake vikatafuta ncha ya uzi. Hakuna ncha.

"Hii si kazi yako," alisema.

"Ni ya mzungu, nyanya. Kwa mashine."

Mkono wake mmoja ukashuka kwenye mkeka. Nikachukia kila kitu: cherehani, maua, nchi yao ya baridi na miti yake inayokufa na kufufuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, tope limemkaukia magotini. Alikwenda kwenye boma la miiba ya mgunga, akarudi na miiba mirefu mitatu, akanipa mmoja, akamwita dada yake akampa mwingine.

Uzi wa cherehani hauvutiki. Kila mshono huinuliwa kwa ncha, hukatwa, halafu wa pili, na chini yake kuna mstari mwingine kama huo. Tulifumua jioni ile mpaka mwanga ukatuishia, na kesho yake tangu alfajiri. Shamba lilikuwa linakauka na mama hakwenda. Nyanya alilala katikati yetu, na kila kipande kilichokwisha tulimpa akakipitisha vidoleni. Alipokuta kijiuzi kilichobaki alikirudisha. Mwisho vipande vyote vikawa vyeupe na huru, lakini kando zake kulikuwa na mistari ya vitobo.

"Mdudu gani kaila nguo yangu?" nyanya aliuliza.

"Mdudu wa misheni," nikasema. Alicheka. Kicheko kilimletea kikohozi, lakini alicheka.

Tuliviloweka vipande mtoni, tukavipiga kwenye gogo, tukavianika, tukaviloweka tena. Bafta ikinywa maji hujifunga. Vitobo vingi vilizibika kabisa. Havikuzibika vya shingoni, palipokuwa na utepe, na doa la jamu lilibaki, rangi ya waridi, kubwa kama kiganja. Nyanya akasema pale pabaya pote pawekwe miguuni, maana huko hakuna atakayetazama. Kisha akaomba tuutoe mkeka chini yake, tumtandikie mwingine. Alikufa siku chache baadaye, mchana, tope la shamba letu likiwa limepasuka. Wanawake walimwosha, wakamfunga sanda yake kama alivyotaka, bila mshono. Doa liliwekwa miguuni.

Nilirudi darasani baada ya matanga. Nilirudi kwa sababu mpunga haukupandwa, na misheni walikuwa wakiwagawia wasichana wa darasa uji. Bibi hakuuliza nilikuwa wapi. Alikuwa amejaa furaha, picha zilikuwa zimekauka. Akanionyesha: wasichana wamepangwa mstari, mayungiyungi mikononi, maji nyuma. Wote wamekauka kama vigingi, na mimi peke yangu nimekunja uso kama niliyelamba shubiri, doa likionekana mapajani.

"Kwa nini wewe hufurahi?" bibi akaniuliza, kwa upole. "Na gauni lako zuri liko wapi? Jumapili hukuvaa."

"Nimempa nyanya yangu."

Uso wake ukalainika, macho yakamlengalenga. Alinishika bega. "Umefanya vizuri. Vizuri sana. Limemtosha?"

"Limemtosha."

"Mwambie Jumamosi aje nalo," alisema, akiifunga picha ndani ya karatasi laini apeleke kwao. "Bwana atampiga picha na maua."

Nilisema nitamwambia. Nikakaa barazani, nikaichukua soksi yangu yenye unyevu, nikaendelea kuifuma.