Nilinunua external hard drive laptop yangu ipumue, nikaishia kutazama mgongo wangu mwenyewe

Wakuu, habari za mchana.

Huu uzi ni wa hard drive, lakini nikiishia kwenye hard drive nitakuwa nimewaficha nusu ya habari. Naeleza kama ilivyokuwa, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Mkange, Bagamoyo ya kaskazini, njia ya kwenda Saadani. Kwetu ni Songea. Nyumba ya mwalimu naishi peke yangu, mwaka wa sita huu. Mama Upendo tuliachana, akarudi Songea na binti yetu. Upendo alikuwa na miaka saba, sasa ana kumi na tatu.

Nampigia kila Jumapili kwenye simu ya mama yake. Simu zetu zote zinafanana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Shule inaendaje?"

"Vizuri."

"Huko mvua zipo?"

"Zipo."

Halafu nasikia kwa mbali, "Mama, chukua simu yako."

Sasa turudi kwenye laptop.

Ni ya zamani aisee. Betri ilishakufa, inaishi kwa chaja. Herufi M imeng'oka, nabonyeza kile kipira cha chini. Ukiiwasha feni inanguruma kama mashine ya kusaga.

Likizo ya mwezi wa sita walimu wenzangu wote walikwenda makwao, nikabaki mimi na mlinzi. Nikawa naingiza matokeo ya wanafunzi, ikagoma ku-save. Disk full.

Humo ndani kulikuwa na vitu viwili vikubwa. Kimoja ni mitihani niliyokuwa nachapa na ku-scan kwa ajili ya shule za jirani miaka ile, kazi ya ziada. Kingine ni folda moja imeandikwa UPENDO.

Hizo video alikuwa anachukua mama yake. Simu yake ikijaa anazihamishia kwenye laptop. Walipoondoka, folda ilibaki. Sikuwahi kuifungua. Nilijua ipo, basi.

Nikasema sifuti kitu, naongeza nafasi. Nikaenda Bagamoyo mjini, nikanunua external ya terabyte moja kwenye duka la dada mmoja fundi, anaitwa Mwanahawa. Aliponikabidhi akaniambia:

"Mwalimu, u-copy. Usi-cut. Ukimaliza fungua uone zinacheza, ndo ufute kule ulikotoa."

Nikaitikia. Wakuu, niliitikia kama wanafunzi wangu wanavyoniitikia mimi.

Nikafika nyumbani, nika-cut.

Sina sababu ya maana. Niliona copy itanichukulia muda. Na USB port za laptop hii zimelegea, waya ukiguswa kidogo inakata. Folda ilipokaribia kuisha kuhama, chai ikaanza kumwagika jikoni. Nikainuka haraka, goti likagonga waya.

Tik. Tik. Kimya.

Nikachomeka tena. Ikaniandikia kwamba disk inahitaji ku-formatiwa kabla ya kutumika. Mimi na shahada yangu ya ualimu nikabonyeza ndiyo, nikijua ndo inajitengeneza.

Ikafunguka safi kabisa. Tupu.

Nilikaa pale kwenye kiti hadi sufuria ikaanza kunuka kuungua.

Cha ajabu, vitu vyenyewe sikuwahi kuvitazama miaka sita. Lakini siku ile nilihisi kama wameondoka tena, na safari hii nimewafungulia mlango mimi.

Asubuhi nikadandia pick-up ya samaki wakavu inayotoka Saadani, external nimeivisha soksi, nimeipakata hadi Bagamoyo. Mwanahawa aliniona uso tu akajua.

"Uli-cut?"

"Nili-cut."

"Uka-format?"

"Nika-format."

"Umeweka kitu kingine humo baada ya hapo?"

"Hapana dada."

"Haya, kaa hapo."

Hakunisema. Laiti angenisema. Nilikaa kwenye benchi la dukani kwake siku nzima, wateja wanaingia wanatoka, program ya recovery inakwangua taratibu. Karibu na alasiri akanigeuzia kioo cha kompyuta.

"Majina yamekufa, Mwalimu. Vitu vyenyewe vingi vipo."

Folda ilikuwa na majina ya mama Upendo: Krismasi, Kanisani, Siku ya kwanza shule. Sasa zilikuwa namba tupu, video zaidi ya mia mbili zimechanganyika na vipande vibovu. Ukitaka kujua hii ni nini, lazima uifungue uitazame.

Basi hiyo ndo ikawa likizo yangu. Kila mchana nafungua moja, natazama, naipa jina.

Nyumba ambayo haijasikia sauti ya mtoto miaka sita, ghafla mtoto anacheka humo. Siku ya pili jirani yangu Bi Tatu, mama mtu mzima wa hapa hapa, akaja mlangoni.

"Mwalimu, mgeni kaja? Nasikia mtoto."

"Hapana mama. Ni kompyuta."

Akachungulia, akaona ni kweli. Akasema, "Haya baba," akaondoka. Jioni akaniletea mihogo ya nazi, sahani ya kutosha watu wawili.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Kuna video Upendo ana kama miaka mitano. Amepanga vichwa vya mananasi ya Kiwangwa sakafuni, anauza duka. Ameweka na kifuniko cha ndoo eti ndo mzani. Anaita, "Baba, njoo ununue!"

Kamera inageuka. Mezani kuna mtu amekaa, ametupa mgongo. Mbele yake ni laptop hii hii, ikiwa mpya.

"Nakuja," mtu yule anasema.

Anaita tena. "Nakuja, subiri kidogo." Mara ya tatu hakuitika hata. Simu ikawekwa chini, unaona dari tu, halafu unasikia mama yake anasema, "Mimi nataka mawili, muuzaji."

Nikafungua nyingine. Mgongo. Nyingine tena, mtoto anaonyesha jino lililong'oka, nyuma yake mgongo. Katika video zote zile uso wangu nimeuona mara tatu.

Wakuu, miaka yote nimekuwa nikijieleza kwamba mama Upendo alichoka maisha ya kijijini. Ndivyo nilivyowaambia hata ndugu zangu. Na yeye hakuwahi kunibishia.

Mitihani nikaifuta yote siku ile, bila kufungua hata mmoja. Kumbe nafasi ilikuwepo muda wote.

Halafu nikapiga simu. Ilikuwa Jumanne, mama yake akapokea kwa wasiwasi.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Naomba niongee na Upendo."

Nikamweleza mtoto habari za lile duka. Hakumbuki chochote. Akauliza, "Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa mezani."

"Ulinunua?"

"Sikununua. Mama yako ndiye aliyenunua. Ulikuwa unaniita mimi, sikuja."

Akasema, kwa upole kabisa, "Si ulikuwa na kazi baba."

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Afadhali angelaumu.

Nikamwambia, "Haikuwa kazi ya kunizuia kuinuka. Nisamehe mwanangu."

"Sawa," akasema. "Nitumie nione."

Huku data inashika vizuri uwanja wa paredi tu, karibu na mlingoti wa bendera. Siku tatu nilikuwa nasimama pale na simu juani, natuma moja moja. Mlinzi akadhani nimechanganyikiwa. Mama Upendo aliniandikia neno moja, "Tumeziona." Hakuongeza kitu na mimi sikuuliza.

Wiki kama mbili baadaye, siku ya kazi, simu ikaita nikiwa nasahihisha madaftari. Ni Upendo. Nikashtuka, nikamuuliza kuna tatizo gani.

"Hakuna baba. Nimepiga tu."

Nikafunika kalamu. Akanihadithia mwalimu wao wa hesabu anavyotembea, akanihadithia paka wa jirani, hadi salio likamwishia. Nilipompigia mimi, akapokea mwenyewe, akaendelea pale alipoishia.

Sitawadanganya kwamba mambo yamenyooka. Tangu siku ile kapiga mara mbili zaidi. Nyumba bado ina ukimya wake.

Nilichojifunza kuhusu hard drive: copy, hakikisha zinacheza, ndo ufute. Ikikwambia format, toa mkono kwenye mouse, tafuta fundi. Na usiweke kitu cha maana sehemu moja tu. Mimi external ya pili nimeituma Songea kwa basi, ikiwa na video zote na majina yake mapya.

Hayo mengine nadhani mmenielewa.

Wenye uzoefu na disk zinazokatakata kwenye USB zilizolegea, nipeni mbinu. Na kama na wewe una folda hujawahi kuifungua, leo ifungue, kisha urudi hapa utuambie ulikuta nini.