Chupa ya Kivumbasi Msibani

Gunia zima la kivumbasi ukilichemsha, unaambulia mafuta yasiyojaza kijiko. Mimi na bibi tulichemsha magunia kule Ipuli: yeye akichuma kando ya shamba lake, mimi nikiziba mfuniko wa sufuria kwa ugali ili mvuke usitoroke, upite kwenye mpira uliozamishwa katika ndoo ya maji baridi. Alinicheka kila siku. "Wenzio wanasoma wawe mabosi, wewe umesoma uje kupika magugu."

Ikapatikana chupa moja ndogo. Mashine ya chuo ilishaonyesha yaliyomo, zaidi eujenoli, ile inayoipa karafuu harufu yake. Ikabaki kuyadondosha kwenye sahani za bakteria, tuone kama yanawaua. Bila hilo hakuna shahada. Kiangazi kikaingia, kivumbasi kikakauka chote. Na bibi akafariki.

Sasa, msiba wa Kinyamwezi bila mtani haujakamilika. Wetu ni Mzaramo, seremala wa Chemchem. Babu zake walifika huku na misafara, wakaona heri wabaki. Aliingia chumbani kwa bibi, akatoka amejifunga kanga yake, kashika fimbo yake, na mkono wa pili una chupa yangu niliyoiweka humo.

"Mjukuu wangu kanimalizia kuni," akasema kwa sauti ya bibi, na kikohozi chake juu. "Haya, leteni mikono niwaulie vijidudu." Akaanza kudondosha, kiganja hadi kiganja. Waombolezaji wakacheka huku machozi yanawatoka.

Mimi sikucheka. Shahada yangu inagawiwa bure kwa majirani, nicheke nini? Nikainuka nimpokonye. Mama akanivuta nguo. "Kaa chini. Mtani hagombezwi."

Nikakaa, nimevimba kwa hasira. Turubai zima likanukia kama bibi alivyokuwa akinukia akitoka shambani. Mwisho akanifikia mimi. Chupani kulibaki kidogo, labda cha sahani moja. Nikaficha mikono.

"Hayo niachie, babu. Ni ya vijidudu."

Akaiacha sauti ya bibi, akasema kwa yake mwenyewe, taratibu: "Kwa hiyo vijidudu vipate harufu ya bibi yako, wewe ukose?"

Nikanyoosha mkono.