Niliuita Uvimbe wa Ini Vidonda vya Tumbo

Jina langu sitaliandika, maana hata mimi likitajwa nasikia kinyaa. Nilimdanganya mdogo wangu kuhusu ugonjwa wake mwenyewe, na uongo huo ukamchelewesha huku damu ikimwagika tumboni mwake.

Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti huko Kizota. Alianza kukonda, akalalamikia maumivu chini ya mbavu za kulia. Mimi dada mkubwa ndiye niliyempeleka hospitali. Siku ya majibu nilimwacha nje kwenye benchi, nikaingia peke yangu. Kwetu mgonjwa wa saratani haambiwi. Wanasema ukimwambia umemmaliza.

Daktari alinieleza taratibu kuwa ni saratani ya ini, na uvimbe unaweza kupasuka wenyewe. "Akishikwa na maumivu makali ghafla, akatoka jasho, tumbo likajaa, msisubiri. Mleteni hapa, na mseme ana uvimbe wa ini." Nikaitikia kama mtu mwenye akili.

Nilipotoka nikamwambia, "Ni vidonda vya tumbo tu. Acha pilipili." Akacheka. Majibu nikayafungia sandukuni, chini ya vitenge. Nilijiona mtu wa huruma. Huruma gani ile! Nilikuwa naogopa tu kuuona uso wake akijua.

Uvimbe ulipasuka asubuhi moja akinywa chai kwake Miyuji. Nilipofika nilikuta midomo imepauka, jasho la baridi linamtoka, na mkewe ameshaita bajaji. Tukamkimbiza zahanati ya jirani. Tabibu akauliza, "Ana ugonjwa wowote?"

"Vidonda vya tumbo," wifi akajibu, kisha akaniangalia nithibitishe, kwa kuwa mimi ndiye niliyempeleka kwenye vipimo. Mgonjwa naye alikuwa ananiangalia. Nikasema, "Ndiyo, vidonda."

Nilisema hivyo kwa kinywa hiki ninacholia chakula. Wakamchoma sindano ya maumivu, wakampa dawa ya vidonda, wakasema apumzike. Tulikaa pale mpaka adhuhuri, tumbo linazidi kujaa, na mimi nimekaa kitako namfukuzia nzi. Alipoanza kuweweseka ndipo nikamvuta tabibu pembeni, nikamwambia ukweli.

Hospitali kubwa alikopimwa walimwongezea damu, wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi kwenye ini, wakaziba palipokuwa panavuja. Daktari aliyenipa majibu alinitambua. "Mama, si nilikueleza?"

Damu ilikata, lakini alikuwa amepoteza nyingi mno, figo zikashindwa. Aliishi siku sita. Siku ya nne akaniuliza, "Dada, ulikuwa unajua?"

Nikakubali. Akasema, "Nilipotaka kwenda Kondoa kumwona mama, ukaniambia nimalize mageti kwanza."

Kweli nilimwambia. Mama yetu miguu haimruhusu kusafiri, na nilihofia angemwona mwanawe alivyokonda, anihoji. Nilimnyima mtu safari ya kwa mama yake ili mimi nisiulizwe maswali. Mdogo wangu aligeukia ukutani, na tangu hapo alikunywa uji wa mkewe tu, wangu hakuugusa.

Nyie mnaoficha majibu ya wagonjwa wenu, mwili ni wa kwao na siku zilizobaki ni za kwao. Waambieni, na daktari akiuliza, semeni. Wa kwangu alifika Kondoa mwishowe. Mama alimpokea akiwa kwenye sanda.