Majembe ya Sikukuu, Kilole

Bibi mmoja wa Kilole, pale Korogwe, amefariki. Simu ilinikuta Handeni, alasiri ya kuamkia sikukuu ya Baba wa Taifa, nikinywa chai. Zamani nilipanga chumba jirani naye, na binti yake hajanisahau. "Kaka, mama hatunaye. Ni presha." Nikasema innalillahi, nikakata simu, nikamalizia chai yangu. Wasomaji mtanisamehe: niliungoja uchungu, haukuja, na hadi ninapoandika haya bado nimekaa tu kama gogo.

Marehemu alikuwa na ugomvi na sikukuu hiyo. "Mtu kahangaika mpaka tukajitawala, nyie mnamkumbuka kwa kulala hadi saa nne!" Basi kila mwaka, siku hiyo, aliitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja tuliyoikuta kwa wazee wetu. Kazi yenyewe ilikuwa kuzibua mtaro unaopita nyuma ya nyumba za bondeni. Yake ndiyo ya kwanza, na vuli ikishika maji huingia mpaka chini ya kitanda. Alfajiri aliinjika sufuria kubwa la makande ya wafanyakazi, kisha akapita mlango kwa mlango, jembe begani. Akafika kwangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Jembe lako liko wapi?"

"Leo mgongo, bibi."

"Ala! Mgongo wa kuinamia magazeti unao, wa kuinamia mtaro huna? Haya, pole."

Walijitokeza wawili watatu, wakakwangua tope, jua lilipokuwa kali wakaaga. Jioni makande yakawa bado yamejaa sufuria, naye akayagawa katika nyumba zilezile zilizomkatalia. Tuliyala bila aibu, maana yalikuwa matamu kwelikweli.

Tumemzika siku yenyewe ya sikukuu. Ofisi zimefungwa, shule zimefungwa, redioni wanarudia hotuba za zamani, kwa hiyo hakuna aliyekosa nafasi. Kilole nzima ilikuja na majembe. Kuna mwenye duka ambaye sijapata kumwona akishika hata ufagio. Alivua shati, akaingia shimoni, akatoka amelowa jasho. Tulipokezana, tukahimizana, na kabla ya adhuhuri kaburi lilikuwa tayari, limenyooka vizuri. Mgongo wangu haukulalamika. Nilitupia udongo wangu na sikuhisi kitu.

Tuliporudi msibani tulikuta makande, kwenye sufuria lilelile. Binti yake, ambaye sasa ndiye mwenye nyumba, akasimama mlangoni.

"Nawashukuruni kwa kaburi. Majembe mnayo, na mko wengi. Mtaro tunauzibua saa ngapi?"

Watu wakatazama sahani zao. Mjumbe wa mtaa akakohoa.

"Mwanangu, leo ni msiba. Tutakaa, tupange."

Binti akaitikia, "Sawa, baba," akaingia ndani. Kupitia dirishani nilimwona akipandisha magodoro juu ya meza. Nje wingu lilikuwa limeshafunga upande wa milimani. Tukala, tukapeana mikono, kila mtu akabeba jembe lake akaenda zake, nami nikarudi Handeni.

Kwa miaka yote nilidhani watu wa Kilole hawawezi kazi siku ya sikukuu. Kumbe tunaweza sana. Tunachimba haraka, kwa umoja, bila kusukumwa na mtu. Ila tunataka kwanza aliyetuomba awe amekufa.