Jabali la Njia ya Nzega

Kabla ya kupanda jabali, mimi hulipanda kwanza kichwani. Mwenzangu wa kunishikia kamba alihamia Dar, kwa hiyo siku hizi natoka nyumbani Ipuli peke yangu na kupanda majabali mafupi tu, njia ya Nzega.

Jumamosi moja nilikaa chini ya jabali nimefumba macho, mikono ikipapasa hewani: ufa wa kushoto, kisha ule wa juu. Nilipofumbua, mama mmoja mwenye kuni kichwani alikuwa amevua kandambili, ananipita kwa kunyata. Huku watu hutambikia wazee wao majabalini, na anayetambika hasemeshwi.

“Shikamoo, mama!” nilipaza sauti.

Akaongeza mwendo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, hata kuanguka, lakini si kukosa marahaba.