Breki Zilizogoma Kuachia Mbele ya Wakwe

Jamani, habari hii nimeikwepa sana, na watu wa kwetu Kirushya wakianza kuisimulia mimi huwa naaga kwamba naenda kuangalia migomba, lakini kwa kuwa kila mmoja anaongeza chumvi yake (wapo wanaosema niliangusha kanisa, na mimi kanisa sikuligusa) leo acha niseme mwenyewe nilivyoaibika, tena nikiwa na suti.

Gari lenyewe ni pikapu aliyoniachia marehemu baba, ya zamani kweli, na injini yake sina neno nayo, ila breki zilikuwa za ngoma magurudumu yote manne, na kwa vilima vyetu vya Ngara ukiwa na mzigo wa ndizi ilibidi uanze kukanyaga bonde likiwa bado mbali. Sasa mpwa wangu Editha alipopata mchumba kule Nyamigogo, Biharamulo, nikasimama kwenye kikao cha harusi nikatangaza kwamba bibi harusi atapelekwa na mjomba wake, kwa gari lenye breki za diski. (Hakuna aliyekuwa ameniuliza habari za breki.)

Fundi Deo akanitafutia gari bovu la miaka ya karibuni, tukatoa diski za mbele na kalipa zake, yale makoleo yanayobana diski, akachonga vishikio mpaka vikakaa sawasawa. Kisha akanionyesha masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga.

"Na hii uichukue, kaka," akasema. "Ya kwako ni ya breki za ngoma, ndani ina kivalvu kinachobakiza presha kidogo. Kwenye diski presha hiyo itazuia pedi zisiachie."

Nikaitazama. Ina rangi ya tope, imechubuka, na tena inakaa chini ya boneti, nani ataiona? Dukani nilikuwa nimeona rangi nyekundu ya kupuliza, na akilini nilishaziona zile kalipa zinang'aa ndani ya rimu huku wakwe wamejipanga kutupokea, basi nikaona bora ninunue rangi.

"Kaka, presha ikibaki si ndiyo breki kali?" nikamuuliza.

Deo akakuna kichwa, akasema gari ni langu. Nikalijaribu mpaka dukani na kurudi, likasimama vizuri sana, nikajiona fundi kuliko yeye.

Jumamosi asubuhi tukaondoka, Editha mbele na gauni lake jeupe, shangazi yake katikati, nyuma akina mama wa kwaya wakiimba. Kila mteremko nikigusa pedeli gari linatulia pale pale, nami nikawa nakanyaga hata pasipo na sababu, ili shangazi aone. Tulipoingia Biharamulo nikahisi gari linazidi kuwa zito, nikashusha gia, na harufu ikaanza.

"Baba Neema, kuna kitu kinaungua," shangazi akasema.

"Ni pedi mpya hizo, zinazoea." (Nilikuwa nabuni tu.)

Vigelegele vya wakwe tulivisikia kabla hatujawaona. Nyumba yao iko juu kidogo, jirani na kanisa, na hatua chache kabla ya lango gari likasimama. Nikaongeza mafuta, injini ikanguruma, ikazima. Vijana wakaja kusukuma, halikutikisika. Magurudumu ya mbele yakafuka moshi, mama mmoja akatoka jikoni mbio na ndoo ya maji akayamwagia, mvuke ukapaa, na ile rangi yangu ikaanza kubanduka kama ganda la nyanya iliyochemshwa.

Baba wa bwana harusi, mzee Masanja, ambaye ukoo wake ulihamia pale kutoka Shinyanga, akaja polepole. Nikamwamkia shikamoo huku nimeziba gurudumu kwa mguu.

"Marahaba. Gari lenu linaona haya kuingia kwa wakwe?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee akaagiza mkokoteni wa ng'ombe, ukatandikwa khanga, na mimi nikaogopa kumtazama Editha nikijua analia, kumbe naye anacheka. "Mjomba, usijali, mimi napanda," akasema, akapanda, kwaya ikafuata nyuma, na kusema ukweli alipendeza kuliko angekuwa ndani ya pikapu. Wakaenda kanisani, wakaniacha na gari langu.

Deo alipopatikana kwenye simu ibada ilikuwa inakaribia kwisha. Hakunisema. "Legeza nati ya bomba la breki pale kwenye masta silinda," akaniambia, "presha itoke." Nikaazima spana kwa mwenye pikipiki, nikafungua boneti, nikalegeza, mafuta yakanirukia kwenye shati jeupe, na breki zikaachia. Zikaachia kabisa. Handibreki sikuwa nimevuta, maana nani anavuta handibreki kwenye gari lililogoma kutembea? Likaanza kurudi nyuma taratibu, likaniacha na spana mkononi, nikalikimbilia nikipiga kelele "simama! simama!" kama naongea na ng'ombe, na wakati huohuo maharusi wanatoka kanisani, kila mtu ananiona, gari likavunja uzio wa miti na kuzama kwenye lundo la mabua ya mahindi.

Mzee Masanja akalizunguka, akahakikisha hakuna aliyeumia, hata kuku.

"Haya yake imeisha," akasema. "Sasa limekuja kula."

Akanishika mkono, akanipa shati lake, akanikalisha karibu yake, na nikala siku ile mpaka nikasahau aibu kwa muda. Ndiyo harusi iliyonifurahisha kuliko zote. Kesho yake Deo alikuja akafunga masta silinda aliyonichagulia, na mpaka leo gari linasimama na kuondoka bila tatizo, ila kule Nyamigogo jina langu ni Mjomba Breki na nimeshaacha kubisha.

Basi nimejiapia. Kifaa cha breki sichagui tena kwa macho, fundi akisema hiki nachukua hichohicho. Na nikifika kwa wakwe, wa kwangu au wa mtu mwingine, kwanza navuta handibreki, shikamoo baadaye.